Zidisha kabla ya kuongeza kamisheni

Nimewasimamia maafisa mikopo kwa miaka kadhaa, na ushauri ninaoanza nao kwa kila msimamizi mpya ni huu: kabla hujaomba bajeti ya kuongeza kamisheni, chukua kalamu ufanye hesabu ya kuzidisha kwa afisa mmoja mmoja.

Modeli ninayoitumia ni ya mwanasaikolojia Victor Vroom, aliyeieleza mwaka 1964. Kwa mujibu wake, ari ya kazi ni zao la mambo matatu: imani ya mtu kwamba akijituma atafaulu, imani kwamba akifaulu atalipwa, na uzito ambao yeye mwenyewe anayapa malipo hayo. Kwa kuwa mambo hayo yanazidishwa, wala hayajumlishwi, moja likiwa sifuri jibu zima ni sifuri.

Afisa mmoja, hodari wa kufuatilia marejesho ya vikundi vya akina mama sokoni, alikuwa amepoa. Nilimuuliza, katika miezi kumi ya kujituma kweli, ni mingapi angefikia lengo, akasema tisa. Nikamuuliza, kati ya mara kumi za kulifikia, ni ngapi kamisheni ingeingia, akasema mbili. "Bosi, lengo langu nafikisha, ila tawi lisipofikisha lake sote tunatoka kapa." Uzito wa fedha zenyewe aliupa nane kwa kumi. Basi 0.9 × 0.2 × 0.8 ni 0.144. Kuinua kamisheni mpaka uzito ufike 1 kungempandisha hadi 0.18 tu, ilhali kuitenganisha na lengo la tawi, imani ya pili ikapanda walau hadi 0.6, kungemfikisha 0.432, yaani mara tatu ya alipokuwa. Makao makuu, kama kawaida, yalikuwa yakijadili kiwango cha kamisheni.

Piers Steel na Cornelius König waliongeza muda katika hesabu ya namna hii mwaka 2006: malipo yakichelewa, ari inagawanywa, na inagawanywa zaidi kwa mtu asiye na subira. Kwa hiyo angalia pia tarehe ya malipo, kwani kamisheni ya kila robo mwaka ikigeuzwa kuwa ya kila mwezi, ari inaweza kupanda bila kuongeza hata shilingi.

Usitumie namba hizi kupanga maafisa kwa ubora. Nane ya mmoja si nane ya mwenzake, na uchambuzi wa Wendelien van Eerde na Henk Thierry wa mwaka 1996 ulionyesha kwamba modeli ya Vroom hufanya kazi vizuri zaidi inapolinganisha machaguo ya mtu yuleyule. Mimi humlinganisha afisa na majibu yake ya awali, na majibu hayo hayaingii kwenye faili la tathmini, kwa sababu siku atakapohisi yanagusa mkataba wake, kila swali litajibiwa kumi.