Maswali na Majibu: Kujaribu Msumeno wa Mnyororo Uliotumika

SWALI: Mhariri, nina shamba la milingoti na miwati hapa Njombe, ambalo hunipatia kuni za nyumbani na nyingine za kuwauzia mama lishe. Miaka yote tumekata kwa shoka na msumeno wa mkono. Sasa kuna fundi anayeniuzia chensoo iliyotumika, anasema ni nzima, na amekubali niijaribu kabla ya kulipa. Sijawahi kumiliki mashine ya aina hii. Niangalie nini hasa?
— Msomaji, Njombe

JIBU: Ndugu msomaji, mwombe fundi huyo asiiwashe mashine kabla hujafika. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha matatizo ya kabureta, nawe unahitaji kuiona ikiwaka kwa mara ya kwanza ikiwa ya baridi. Ukifika, gusa ekzosi kwa tahadhari, na ukikuta ina joto, ombeni chai mnywe mpaka ipoe.

Kabla ya kuiwasha, zima swichi kisha vuta kamba polepole. Mkono wako unatakiwa kuhisi ukinzani unaokuja na kuondoka kila pistoni inapopanda na kushuka. Mafundi wengi huinua mashine kwa kushika mpini wa kamba tu: yenye mgandamizo mzuri, yaani ambayo pistoni yake hubana hewa vizuri ndani ya silinda, hushuka kwa kusitasita, ilhali iliyochoka huporomoka mpaka chini bila kusita. Mashine kubwa nyingine zina kitufe cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha, kwa hiyo hakikisha hakijabonyezwa. Kama yupo mwenye geji ya kupima mgandamizo, usomaji wa chini ya psi 120 (psi ni kipimo cha shinikizo) unatia shaka, na injini nyingi zenye afya hufika psi 150 au zaidi.

Hatua inayofuata wauzaji wengi hawaipendi, nami nisingenunua bila kuifanya. Ekzosi hushikiliwa na boliti chache tu. Ikifunguliwa, utaiona pistoni kupitia tundu la kutolea moshi. Vuta kamba taratibu huku ukimulika kwa tochi ya simu. Ubavu wa pistoni ukiwa laini, endelea. Ukiona mikwaruzo mirefu ya kutoka juu kwenda chini, ujue kuna siku mashine hiyo ilinyweshwa petroli isiyo na oili ya kutosha, au ilifanya kazi ikiwa inavuta hewa nyingi mno kulinganisha na mafuta. Pistoni na silinda ndiyo matengenezo ya gharama kubwa kuliko yote, na muuzaji anayekataa kufungua boliti hizo amekwisha kukujibu.

Sasa iwashe. Ilaze chini mahali pa wazi, breki ya mnyororo ikiwa imefungwa, mguu wa kulia ukikanyaga mpini wa nyuma na mkono wa kushoto ukishika wa mbele. Mtindo wa kuiwasha hewani kwa kuiangusha huku ukivuta kamba tumeuona kwa wapasuaji wengi wa mbao, lakini hauna sababu ya kuigwa. Ikishapata moto kidogo, fungua breki na uiache kwenye silensa, yaani ikiunguruma polepole bila kupigwa resi. Hapo mnyororo haupaswi kutembea hata kidogo. Ukitembea, huenda silensa imepandishwa tu, na skrubu yake hurekebishwa papo hapo. Lakini ukiendelea kutembea hata baada ya kuishusha, springi za klachi zimelegea au zimekatika. Kisha ilaze kidogo ubavu wa kushoto, halafu wa kulia, halafu inamisha pua. Mlio ukipanda na kushuka kila unapoigeuza, au ukipiga resi na kuachia lakini injini ikachelewa kushuka, kuna uwezekano mkubwa kwamba inaingiza hewa mahali pasipostahili, na injini ya namna hiyo hujiunguza yenyewe.

Piga resi kidogo na usukume mbele kinga ya mkono: mnyororo lazima usimame papo hapo, na usiposimama usiendelee na jaribio. Fungua breki, elekeza ncha ya baa (bapa refu la chuma ambalo mnyororo huuzunguka) kwenye kipande cha boksi bila kukigusa, kisha piga resi. Mstari wa matone ya oili ukijichora, pampu inafanya kazi. Usipojichora, chunguza kwanza kama tundu la oili kwenye baa limeziba kwa vumbi la mbao, maana hilo ni jambo la kawaida.

Kisha njoo kwenye kuni zenyewe. Nenda na gogo lako la mlingoti, nene kiasi na lililokauka, kwa sababu wauzaji hupenda kuonyesha mashine kwenye tawi bichi la mti laini, ambalo hata injini iliyochoka hulikata. Sharti mnyororo uwe umenolewa, la sivyo utailaumu injini kwa kosa la meno. Mnyororo mkali hutoa vipande vidogo vya mbao na huingia gogoni bila kukandamizwa, ilhali butu hutoa unga laini na kukulazimisha kuegemea. Simama pembeni kidogo ya mstari wa mnyororo, usikate kwa ncha ya juu ya baa, kwani ndiyo inayoirusha mashine kuelekea usoni, na usiende bila buti ngumu, miwani na kinga ya masikio. Kata mfululizo mpaka injini ipate moto kikwelikweli, izime, subiri kama dakika kumi, kisha iwashe tena. Mashine nyingi zilizoharibika hutambulika hapa: asubuhi iliwaka vizuri, lakini baada ya kazi unavuta kamba mpaka bega linauma. Chanzo chaweza kuwa koili ya kutoa cheche au mgandamizo, na vyovyote iwavyo, mtu wa kuni hawezi kuishi nayo.

Mnyororo, baa na spoketi (gurudumu la meno linalouzungusha mnyororo) vikiwa vimelika, usikatae mashine kwa ajili hiyo. Vitu hivyo huchakaa na kubadilishwa. Tumia hali yake kupunguza bei. Mwisho, dai risiti yenye namba ya mashine, na kabla ya kulipa pita ofisi ya wilaya ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kuuliza utaratibu wa kumiliki msumeno huo na wa kusafirisha kuni za kuuza, hata kama miti ni yako.

SWALI: Nimenunua chensoo iliyotumika, injini ina nguvu, lakini kila nikikata gogo inapinda kuelekea kulia. Nibadilishe baa?
— Msomaji, Lushoto

JIBU: Anza na meno. Mara nyingi ya upande mmoja huwa marefu au makali kuliko ya upande wa pili, kwa kuwa anayenoa kwa tupa ana mkono wenye nguvu zaidi. Msumeno hupindia upande wenye meno makali. Yanoe yote yalingane na lile fupi kuliko yote. Ikiwa bado inapinda, simamisha baa juu ya kioo au bati lililonyooka; ikilala upande, kingo zake hazilingani tena.

SWALI: Muuzaji ameniambia nitumie oili chafu ya gari kulainishia mnyororo, na nichanganye petroli na oili kwa kukadiria. Je, ni sawa?
— Msomaji, Mufindi

JIBU: Hapana kwa yote mawili. Oili iliyotolewa kwenye injini ya gari baada ya kutumika imebeba chembe za chuma zinazosaga baa na pampu, nayo hukurukia nguoni na usoni siku nzima. Kuhusu petroli, kipimo cha 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa kila lita, yaani mililita 100 kwa dumu la lita 5. Cha 25 kwa 1 ni mara mbili ya hiyo. Fuata kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine na kwenye chupa ya oili, tumia oili ya injini za kuchanganya na si ya gari, na tikisa dumu kabla ya kumimina.