Ngojamaliko na sokwe: nani mvuvi hodari?

SWALI: Asalaam aleikum, mzee wetu. Nyumbani kwangu hakulaliki. Kifunguamimba wangu amesoma shuleni kwamba sokwe huvua mchwa kwa kijiti, basi kwake huyo ndiye mwerevu kupita wanyama wote. Mdogo wake naye kaambiwa na babu yake kuna ndege wa pwani anayevua kwa chambo. Tuamulie.
Mama Wavulana, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Babu hakudanganya. Huyo ni ngojamaliko, jamaa mdogo wa yangeyange, mgongo wa kijivu, utosi mweusi, uzito robo kilo hivi. Maji yakipwa pale Tudor, Mombasa, utamkuta juu ya mzizi wa mkoko, shingo kaikunja mabegani kama mzee aliyeshikwa na baridi. Hana haraka. Huko Japani wameonekana wakidondosha mdudu, unyoya hata kipande cha mkate majini. Kisamaki kikija kudonoa, kimedakwa. Chambo kikichukuliwa na maji, ndege hukifuata akakirudisha. Mimi nimevua Tudor kwa mshipi tangu utotoni na sijabahatika kumwona akitega. Si wote wenye ujuzi huo, kama vile si kila mwenye ndoana ni mvuvi.

Sokwe (na waambie watoto si nyani, sokwe hana mkia) sifa yake ilitoka Gombe, Kigoma, mwaka 1960. Mtafiti Jane Goodall alimwona dume amekaa kichuguuni, anachomeka bua la nyasi tunduni, analitoa limeng'ang'aniwa na mchwa, anawala. Wengine huchuma kitawi wakakipukutisha majani kwanza. Na wakati ule wataalamu walishikilia kwamba atengenezaye zana ni binadamu peke yake!

Ukinibana, nampa sokwe, lakini si kwa sababu ya kijiti. Kinda la ngojamaliko likiwa na wiki tano hivi huruka likaenda zake. Mtoto wa sokwe huandamana na mamake miaka, akimkodolea macho kichuguuni, anajaribu, anakosea, anarudia. Tena hukohuko Gombe imeonekana mabinti huishika kazi hiyo mapema kuliko wavulana, ambao mama akivua wao wanabingirika pembeni wakicheza.

Hilo la mwisho, mama, wanao usiwasomee.