Kadi Mbili za Sauti, Saa Moja

Juzi usiku umeingia ujumbe wa kijana mmoja wa Langoni, hapa hapa Lamu: "Maalim, nna kadi ya sauti, kile kisanduku cha kuingizia maiki na ala kwenye kompyuta, ya matundu manne, nimeongeza nyingine ya matundu mawili. Muuzaji kanambia nichomeke zote mbili kwenye laptopu, basi. Udi, fidla na mwimbaji nimewatia kwenye kadi kubwa, dumbak na kinanda kwenye ile mpya. Mwanzo wa wimbo uko sawa, mwisho dumbak imeachwa nyuma. Nimekosea wapi?"

Mdogo wangu, mpiga dumbak hana kosa, nawe hujakosea kurekodi. Mwenye kosa ni aliyekuuzia kadi ya pili bila kukueleza kwamba kila kadi ina saa yake ndani. Jambo hili linaniuma, kwa kuwa vijana wetu hudunduliza miezi kupata pesa ya vifaa hivi, kisha huondoka dukani na neno moja tu: "chomeka".

Saa hiyo ni kijiwe cha kwatsi kinachotetema, nacho ndicho kinachoiamuru kadi kukata sauti vipande 48,000 kila sekunde. Vipande hivyo ndivyo sampuli. Hakuna vijiwe viwili vinavyotetema sawasawa kabisa. Tuseme kadi moja inatoa sampuli 48,000 na mwenzake 48,001. Taarabu ya dakika 12 ni sekunde 720, kwa hiyo mwisho wa wimbo kadi zimepishana sampuli 720, ambazo ni milisekunde 15. Kwa masikio, ni kana kwamba mpiga dumbak amebebwa na kiti chake akarudishwa nyuma mita tano. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa manahodha ni wawili. Kazi yote ya kuunganisha kadi ni kumchagua mmoja na kumlazimisha mwenzake amfuate.

Kabla ya kununua kitu kingine, igeuze kadi kubwa uitazame mgongoni. Ukiona tundu dogo la mraba lenye kifuniko, limeandikwa ADAT (njia ya kupitisha chaneli nyingi za sauti kwa mwanga) au OPTICAL, umepona. Usitafute kadi ya pili ya USB. Tafuta priampu, yaani kikuza sauti ya maiki, ya maiki nane yenye tundu kama hilo, na waya mmoja wa mwanga usiozidi mita 5. Waya huo unapitisha chaneli 8 kwenye kilohezi 48, yaani zile sampuli 48,000 kwa sekunde. Ukipanda hadi kilohezi 96 zinabaki 4, kwa hiyo baki 48. Saa husafiri pamoja na sauti, kwa hivyo kama waya ni mmoja tu, kutoka priampu kwenda kadi, priampu ndiyo nahodha: iweke "Internal", yaani itumie saa yake yenyewe, na kadi uiambie ifuate ADAT. Zote mbili zikiachwa "Internal" utasikia vidoko kila baada ya muda mfupi, mithili ya punje ya mchele inayoanguka kwenye sinia. Soma pia kitabu cha maelezo, maana matundu mengine yanafanana na hilo kwa sura lakini yanapokea S/PDIF pekee, njia nyingine ya sauti ya kidijitali, chaneli mbili tu. Na tafadhali, toa vile vikofia vya plastiki kwenye ncha za waya kabla ya kuuchomeka. Vingine vinang'aa kama kioo, na watu huamini waya umekufa kumbe umevaa kofia.

Kama tundu hilo halipo, na kompyuta yako ni Mac, kadi zako mbili zinaweza kukaa pamoja. Fungua Audio MIDI Setup, programu iliyomo tayari ndani ya Mac, bonyeza alama ya kujumlisha, uchague "Create Aggregate Device". Tia alama kwenye kadi kubwa kwanza, kisha ndogo, kwa sababu mpangilio huo ndio unaotoa namba za chaneli: kubwa itakuwa 1 hadi 4, ndogo 5 na 6. Palipoandikwa "Clock Source" chagua kubwa. Kisha weka alama ya "Drift Correction", inayomlazimisha mfuasi aende na saa ya nahodha, kwenye ndogo peke yake, usiiweke kwa nahodha. Zote ziwe kilohezi 48. Mwisho, kwenye programu ya kurekodi, chagua kifaa hicho kipya ulichokiunda.

Kwa Windows njia ni nyembamba zaidi. Programu nyingi za kurekodi hutumia draiva moja tu ya ASIO, yaani programu ndogo inayoiunganisha kadi na kompyuta, kwa wakati mmoja. Draiva ya ASIO4ALL inaweza kuzikusanya kadi mbili, lakini saa mbili zinabaki saa mbili. Hapo angalia kama kadi zote zina S/PDIF ya waya wa shaba. Zikiwa nayo, pitisha waya wa omu 75 kutoka tundu la kutolea la kubwa hadi la kuingizia la ndogo, kisha ndogo uiweke ifuate S/PDIF. Baadhi ya watengenezaji pia wanaruhusu kadi zao mbili za aina moja kufanya kazi chini ya draiva moja, na hilo huandikwa kwenye maelezo ya draiva.

Sasa nani akae wapi. Maiki zote zilizo katika chumba kimoja zikae kwenye kadi moja. Sauti ya dumbak inaingia pia kwenye maiki ya udi na ya mwimbaji, na saa zikipishana hata kidogo, sauti hizo zinakatana na kubadilika polepole, zikawa nyembamba kama zinapita kwenye mfereji. Kinanda chako kinaingia kwa waya, hakisikiki kwenye maiki ya mtu. Kwa hiyo dumbak ihamie kadi kubwa, kinanda kichukue kadi ndogo yote, kushoto na kulia. Ila hesabu kwanza matundu ya maiki, yale ya pini tatu. Kadi nyingi zinazoitwa za matundu manne zina priampu mbili tu, mawili yaliyobaki ni ya laini, yaani ya sauti iliyo na nguvu tayari kama ya kinanda, na maiki hapo haitasikika vya kutosha.

Kinanda kiingie kwenye laini. Udi wenye pikapu, kihisi cha sauti kinachofungwa kwenye ala, isiyo na betri unataka tundu lililoandikwa INST, lenye upinzani wa megaomu 1 au zaidi. Ukiutia kwenye laini utapata sauti kavu isiyo na tumbo. Swichi ya voti 48, inayolisha umeme maiki zinazouhitaji, iwashe baada ya kuchomeka maiki na kushusha spika, ukikumbuka kwamba mara nyingi inalisha matundu yote ya maiki kwa pamoja.

Kadi zote mbili zichomeke moja kwa moja kwenye laptopu. Tundu la USB 2 limeahidi miliampea 500, na kigawanyio cha USB (hub) kisicho na umeme wake kinazigawa hizo hizo kwa wawili. Bafa, yaani idadi ya sampuli ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzishughulikia, anza na 128, ambayo ni chini kidogo ya milisekunde 3 kwa kila upande. Tunataka bafa iwe ndogo kwa sababu kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja hukupa sauti za kadi hiyo tu. Mpiga kinanda hatamsikia mwimbaji mpaka sauti zipitie kwenye programu.

Ukisikia mvumo mzito wa hezi 50, chomoa chaja ya laptopu. Ukikoma, tatizo ni mzunguko wa ardhi, yaani vifaa vimeunganishwa na ardhi kwa njia zaidi ya moja. Lisha vifaa vyote kutoka ekstensheni moja ya pini tatu, na kinanda kipitishe kwenye kisanduku cha DI, kile kinachowekwa kati ya ala na kadi, chenye swichi ya kukata ardhi ya waya wa sauti. Pini ya ardhi ya plagi usiikate kamwe, hata fundi akikwambia ndiyo dawa. Umeme wetu ni voti 240, na mwimbaji anashika maiki ya chuma kwa mkono wenye jasho.

Hewa ya chumvi inakula jeki. Ukimaliza kazi, zichomoe, uzifute kwa kitambaa kikavu, uzifunge ndani ya boksi lenye mfuniko. Na kama nahodha wako ni priampu inayokula umeme wa ukutani, ipe UPS, ile betri ya akiba. Umeme ukikatika laptopu itaendelea kwa betri, lakini saa imezimika na rekodi yote inasimama.

Kabla ya kuwaita wenzio, jaribu. Weka maiki moja kutoka kila kadi, vichwa vigusane, anza kurekodi, piga kofi. Acha iende dakika 12, piga kofi la pili. Vuta picha ya sauti uikuze, upime umbali kati ya maiki hizo mbili kwenye kofi la kwanza na kwenye la mwisho. Umbali ukiwa uleule, hata kama si sifuri, waite waje wapige. Ukiongezeka zaidi ya sampuli 48, milisekunde moja hiyo, rudi uangalie ni kifaa kipi ulichokifanya nahodha na kipi ulichokiambia kifuate.