Kwa nini baadhi ya taa za kuvukia barabara hazilii?

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu haoni. Aliporejea Dodoma kutoka masomoni Uingereza alinieleza kwamba kule baadhi ya taa za kuvukia barabara hulia mtu anaporuhusiwa kuvuka, na nyingine huwa kimya. Kwa nini zisilie zote? Na sisi tukitaka kuomba taa za aina hiyo, tuombe nini hasa?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, mara nyingi ukimya huo ni wa makusudi. Pale ambapo barabara ina kisiwa katikati na kila upande una taa yake, mlio wa upande mmoja husikika hadi upande wa pili, na asiyeona anaweza kudhani kuwa ameruhusiwa yeye, ilhali magari ya upande wake bado yanapita. Kosa la namna hiyo linaua, na ndiyo maana mahali kama hapo Waingereza hawaweki mlio. Badala yake, chini ya kisanduku cha kitufe huwa kuna kipande kidogo chenye umbo la pia na michirizi pembeni, ambacho huzunguka taa ya kijani inapowaka, hivyo anayekigusa kwa vidole hujua kwamba zamu yake imefika. Kifaa hicho kilibuniwa Nottingham katika miaka ya 1980, nami nakithamini kuliko mlio wowote, kwa sababu humfaa hata kiziwi asiyeona, ambaye mipango mingi humsahau kabisa.

Australia wameunganisha njia zote mbili. Taa ikiwa nyekundu, nguzo hutoa mdundo wa polepole ili asiyeona aipate ilipo. Ikiwa kijani, mdundo huenda kasi na kisahani chenye mshale hutetema chini ya kiganja. Sauti yake hupanda na kushuka kwa kufuata kelele za barabara, jambo linalopunguza malalamiko ya majirani usiku. Nasisitiza hili kwa sababu kuna miji ambako mlio huzimwa usiku, saa ambazo asiyeona hana hata mpita njia wa kumuuliza.

Kwa hiyo msiombe mlio peke yake. Ombeni mlio unaojirekebisha, mtetemo wa kugusa, kitufe ambacho mtu aliye katika kiti cha magurudumu atakifikia, na vigae vyenye vinundu vya kumwongoza mtu hadi kwenye nguzo, kama vile vilivyobuniwa na Seiichi Miyake wa Japani na kutandikwa kwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967.

Hamtakuwa mnaomba hisani. Ibara ya 9 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, inazitaka nchi ziondoe vikwazo barabarani na katika mawasiliano, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu mwaka 2010. Ikiwa makutano yenu yako kwenye barabara kuu au ya mkoa, barua iende TANROADS. Ikiwa ni barabara ya wilaya, iende TARURA. Washirikisheni pia Chama cha Wasioona Tanzania, na mdogo wako awemo miongoni mwa watakaozijaribu taa hizo kabla hazijapokelewa kutoka kwa mkandarasi.