Vifaa vya Kufungulia Magari: Kuwa Navyo Nyumbani na Kutembea Navyo Usiku

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Watamu, hapa Pwani ya Kenya, aliniandikia ujumbe, akaniuliza swali ambalo nimeulizwa kwa namna nyingi tangu nianze kazi hii ya kufungua magari ambayo wenyewe wamefungia funguo ndani. Anafanya kazi katika gereji ya binamu yake, ameona video za mafundi wa Marekani, na sasa anataka kuagiza seti kamili kwa njia ya mtandao: mfuko wa hewa wa kupanua mlango, fimbo ndefu ya chuma yenye ncha ya mpira, na ule ubapa mwembamba unaoteremshwa kati ya kioo na raba. "Shikamoo fundi," aliandika, "nikikamatwa na vitu hivi nitafungwa?" Siku ile nilimjibu kwa ufupi kwa sababu nilikuwa kazini, lakini swali lake linastahili jibu refu, hasa kwa vijana wa Malindi, Gede na Mambrui ambao, kama nilivyokuwa mimi, wamechoka kufanyia kazi gereji za watu na wanataka kuwa na jina lao wenyewe. Wenzetu wa Lamu mjini watanisamehe: huko ni mji wa punda na mashua, na fundi wa milango ya magari angekufa njaa kabla hajavuka kwenda Mokowe, upande wa bara.

Mimi si wakili, lakini kifungu kinachotuhusu nimekisoma mara nyingi kuliko mawakili wengi, kwa sababu ambayo nitaieleza. Ni kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya. Kijifungu chake cha pili kinasema kwamba mtu ambaye, akiwa nje ya mahali anapoishi, ana kitu chochote cha kutumiwa katika uvunjaji, wizi au udanganyifu, ametenda kosa kubwa la jinai, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 5, au miaka 10 ikiwa aliwahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa linalohusu mali. Kisha linafuata jambo ambalo vijana hawalifikii wanaposoma: ikithibitishwa kwamba kifaa ulichokuwa nacho kimetengenezwa au kimerekebishwa kwa ajili ya wizi au uvunjaji, uthibitisho huo wenyewe ni ushahidi kwamba ulikibeba kwa kazi hiyo. Katiba inakuhesabu kuwa huna hatia, ni kweli, lakini ukishafika hapo ni wewe utakayetakiwa kuwa na maelezo, na maelezo ya mdomo mtupu saa sita ya usiku hayana uzito.

Yasomeni vizuri yale maneno ya mahali mtu anapoishi. Sanduku la vifaa likiwa chumbani kwako, kijifungu hicho hakikugusi. Likiwa begani mwako, kwenye buti ya gari, au hata gerejini, limekwisha kutoka nyumbani, na kuanzia hapo kinachokulinda ni sababu uliyonayo na namna unavyoweza kuionyesha. Uingereza wana kifungu kinachofanana sana na hiki, cha 25 katika Sheria yao ya Wizi ya mwaka 1968, ila kwao kilele cha adhabu ni miaka 3. California, wanakotoka wengi wa hao walimu wa video, kifungu cha 466 cha Kanuni yao ya Adhabu kinaorodhesha vifaa vyenyewe kwa majina, kuanzia ubapa wa milango na bisibisi hadi vipande vya kauri vya plagi za gari, ambavyo wezi huvirusha kupasua vioo, lakini upande wa mashtaka sharti uonyeshe nia ya kuvunja. Kwa hiyo fundi wa Los Angeles anaposema mbele ya kamera kwamba kifaa chake ni halali, anazungumzia sheria ya kwao, na kijana wa Watamu asimame na sheria ya kwake.

Kuna jambo moja ambalo ni maoni yangu na silirudishi nyuma. Mafundi wengi hapa Pwani hukunja waya wa kuanikia nguo au husaga msumeno wa chuma mpaka ukawa ubapa, wakiamini kwamba kitu cha kienyeji hakitiliwi shaka. Mimi naona ni kinyume. Sheria inataja kitu kilichotengenezwa na kitu kilichorekebishwa, na hakuna kinachoonekana kurekebishwa kuliko msumeno uliosagwa meno kwa mkono. Kifaa cha dukani, chenye jina la kiwanda, mfuko wake na invoisi yake, kinaeleza kazi yake kabla wewe hujafungua mdomo.

Sasa nieleze kwa nini kifungu hicho nimekihifadhi. Nilikuwa nimetoka Mambrui baada ya isha, ambako nilimfungulia mvuvi mmoja gari lake, Probox. Ilikuwa kazi ndogo, ambayo huifanya kwa utaratibu ule ule: kitambaa kwenye ukingo wa mlango rangi isikwaruzike, mfuko wa hewa unapulizwa polepole mpaka nafasi ya unene wa kidole ipatikane, fimbo inaingia, ncha yake inatafuta kitasa cha ndani. Nilirudi kwa bodaboda, na karibu na daraja la Sabaki tukasimamishwa na askari. Afisa mmoja alifungua mkoba wangu, akavitandaza vifaa vyote juu ya lami kimoja kimoja chini ya mwanga wa tochi, kama muuza samaki anavyopanga mafungu yake, na kila alipotandaza kimoja aliniangalia usoni. Mwenye bodaboda aliwasha pikipiki yake akaondoka bila hata kudai nauli. Sikumlaumu.

Kituoni, ambacho sitakitaja, nilisema ukweli, nikampa afisa wa zamu namba ya yule mvuvi. Simu ilikuwa imezimwa. Bwana alikuwa amekwisha ingia baharini. Nikampa namba ya mwenye gereji niliyoifanyia kazi tangu nikiwa kijana wa kushika taa, mtu niliyemwita baba. Alipokea. Aliulizwa kama ananijua, na mimi nikiwa nimesimama pale nilisikia sauti yake ikisema kwamba aliwahi kuniona pale gerejini, lakini mambo yangu ya usiku hayajui. Labda aliogopa, labda alikuwa bado na kinyongo kwa sababu niliondoka kwake nikajitegemea na baadhi ya wateja wakanifuata. Tunaonana msikitini, tunapeana mikono, na neno hilo bado liko kooni mwangu.

Kilichonitoa ni kitabu changu cha risiti. Tangu nianze kujitegemea, kila gari ninalolifungua ninaliandika kwa karatasi ya kaboni: namba ya gari, jina na namba ya kitambulisho cha mwenyewe, simu yake, mahali, saa, na sahihi yake. Afisa aliyeingia zamu alfajiri alikifunua ukurasa baada ya ukurasa, akachagua mwenyewe namba moja ya nyuma na kuipiga. Aliyepokea alikuwa ustadhi wa madrasa, ametoka kuswali, akamweleza gari lake lilikuwa la aina gani, nililifungua wapi na alinilipa nini, na yote yakalingana na kilichoandikwa. Sikufikishwa mahakamani, na mkoba wangu nilirudishiwa ukiwa kamili. Ninajivunia kitabu kile kuliko kifaa chochote nilichonunua, na wale waliokuwa wakinicheka kwamba naandika kama karani wa benki sasa hunitumia vijana wao niwafundishe.

Basi andikeni, ndugu zangu. Andikeni kabla ya kufungua gari, si baada, na mteja atie sahihi akiwa bado nje, kwa sababu gari likishafunguka mteja ana haraka na wewe huna tena cha kumshikia. Muulizeni kuna nini ndani: zulia la rangi gani, nini kimo kwenye droo ya dashibodi. Mwenye gari hujibu bila kufikiri. Mlango ukifunguka, mwambieni awaonyeshe hati yenye namba ya gari hilo, na asiyetaka kuonyesha kitambulisho mwacheni na gari lake, hata akitoa pesa mara tatu. Mkikubali pesa hizo na gari likawa si lake, hamtazungumzia tena kifungu cha 308 peke yake, kwa maana wizi wa gari una kifungu chake, cha 278A, chenye miaka 7, na mwizi anayefungua gari lililofungwa kwa kutumia ufunguo au kifaa kingine ili aibe anaingia katika kifungu cha 279, ambacho kilele chake ni miaka 14. Kibali cha biashara cha kaunti kiwe na jina la kazi hii hasa, si duka la jumla, na nakala yake ikae mkobani. Mkikamatwa, msigombane barabarani. Ombeni kuelezwa sababu kwa lugha mnayoielewa, hakikisheni tukio limeandikwa katika kitabu cha matukio, na kumbukeni kwamba kifungu cha 49 cha Katiba kinataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa saa hizo zikiishia nje ya saa za mahakama au siku ambayo mahakama haikai.

Wala msiazime vifaa. Rafiki atakayekuja kuazima fimbo usiku ana gari la nani?

Kijana wa Watamu aliongeza swali la pili, kama anaweza kuviacha vifaa vyake ndani ya buti ya gari la binamu yake ili viwe karibu kila wakati. Nilimwambia hapana. Binamu akisimamishwa Gede siku ambayo wewe hupo, yeye ndiye aliye navyo, na hana kitabu wala kibali. Aagize seti yake kwa jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, mzigo uelezwe forodhani kwa jina lake la kweli badala ya kuandikwa kuwa vyombo vya jikoni ili kodi ipungue, invoisi aichapishe aiweke ndani ya mkoba, na mkoba ulale nyumbani kwake mpaka mteja apige simu.