Jibu: Alba Roballo alikuwa nani?

Umeuliza kama ni kweli mwanamke wa kwanza kuwa waziri Amerika Kusini alikuwa mweusi wa Uruguay. Nusu ni kweli. Alba Roballo, mwanasheria na mshairi mwenye asili ya Kiafrika, alikuwa wa kwanza nchini kwake tu. Chile ilishampa Adriana Olguín wizara ya sheria mwaka 1952.

Roballo alizaliwa 1908 mkoani Artigas, kaskazini kabisa, akasomea sheria Montevideo. Watu walimwita "La Negra Roballo", yaani "Roballo Mweusi", naye hakulikwepa jina hilo. Akiwa chama cha Colorado aliingia Seneti, na Mei 1968 Rais Pacheco Areco akampa wizara ya utamaduni. Mwezi uliofuata rais akatangaza hatua za dharura za usalama, zile za kubana wanafunzi na wafanyakazi. Mama akaandika barua ya kujiuzulu, uwaziri wake haujatimiza hata miezi miwili! Kwangu mimi, hiyo barua ina uzito kuliko cheo chenyewe. Mwaka 1971 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Frente Amplio, muungano wa mrengo wa kushoto ulioshinda urais 2004. Yeye alifariki 1996.