Mwache achimbe, ila mvalishe viatu

Dada, nimekuelewa: mwanao wa miaka 4 anashinda uani akichimba, na bibi yake analalamika kwamba anachafuka bure. Si bure. Wangu nilimpa kijiko kikuukuu na kopo la maji. Akamwaga mchangani, yakazama. Akamwaga kwenye udongo wa mfinyanzi, yakatuama. "Mama, huu hauna kiu?" Hapo analinganisha, anakisia, anaokota maneno mapya. Usikimbilie kumjibu, muulize yeye anaonaje.

Kwanza ondoa vipande vya chupa na misumari, na asichimbe mahali paka wanapojisaidia. Viatu ni lazima, maana minyoo ya safura hupenya ngozi ya miguu. Akimaliza, sabuni, kucha ziwe fupi. Akianza kula udongo, mpeleke kliniki apimwe damu na choo.